Malalamiko Kuhusu Nyama ya Tai na Kuondoka kwa Firmin

Bellevue, Johannesburg
Jumatano, 11 Oktoba 2017

Kwa Mwenyekiti,
Ligi ya Besiboli ya Makanisa ya Kiswahili,
Turffontein.

Mheshimiwa Mzee Ameir,

YAH: TIMU TAJIRI KULIPA WACHEZAJI KUPITA KIASI, NA OMBI LA KODI YA NYAMA

Shikamoo. Sisi Wakongomani hatukuizoea salamu hiyo, ila najua kwenu barua isiyo na shikamoo ni sawa na mtu aliyeingia ndani bila hodi. Natumaini duka linaendelea vizuri na ule mguu umepata nafuu. Mimi ni Pacifique, fundi cherehani wa Bellevue, nahodha, kocha na mdakaji wa timu ya Nyota. Unanijua, lakini nimeambiwa kwamba katika barua rasmi lazima mtu ajitambulishe hata kwa jirani.

Kwanza nakushukuru. Wale Wamarekani wa misheni walipoondoka wakatuachia sanduku la magongo na glovu, makanisa manne yalikaribia kushikana mashati, ndipo ukapewa wewe uenyekiti, kwa sababu wewe ni Mwislamu wa Zanzibar na huna kanisa la kupendelea. Hatujajuta hata siku moja. Ndiyo maana nakuletea wewe kilio changu kabla sijakipeleka mbele zaidi, ingawa kwa kweli sijui mbele zaidi ni wapi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Timu ya Tai inalipa mishahara isiyo na kiasi.

Najua utasema ligi yetu hailipi mtu. Mzee wangu, nyama ni mshahara. Kila Jumamosi baada ya mchezo, Bwana Simiyu, nahodha wa hao Wakenya, ambaye siku za kazi yuko benki na tai shingoni, anafungua buti ya gari na kushusha jiko la braai, yaani la kuchomea nyama, lenye magurudumu. Mkewe Serah, ambaye ni mhasibu, anapanga mbavu upande huu, kuku upande ule, na katikati anazungusha ile soseji ndefu ya Kiafrikana. Kila mchezaji anakula mpaka analegeza mkanda, kisha anafungiwa nyingine kwenye foili apeleke nyumbani. Aliyekaa benchi analipwa sawasawa na aliyecheza. Wana kijana anaitwa Roy ambaye gongo lake na mpira hawajawahi kukutana, na huyo naye analipwa mbavu. Kama unadhani natia chumvi, pita uwanjani Jumapili asubuhi uangalie pipa la taka. Mbwa wote wa Turffontein sasa ni mashabiki wa Tai.

2. Timu ya Nyota ina chungu kimoja.

Sisi malipo yetu yako hivi. Kila mchezaji analeta alichonacho: huyu unga, huyu mafuta, huyu makayabo, yaani samaki wa chumvi, huyu sombe, ambayo ninyi mnaiita kisamvu. Asiye na kitu analeta kitunguu na maelezo. Mke wangu Mamie anapika. Chungu hicho hakiliwi uwanjani. Kinakwenda nyumbani kwa mchezaji mmoja, chote, na Jumamosi inayofuata kwa mwingine, mpaka wote tisa tumepata. Kwetu tunaita likelemba, wenyeji wa hapa wanaita stokvel, na ninyi nadhani mnaita upatu.

Ni utaratibu mzuri sana ukitaka kununua cherehani au kusafirisha maiti. Kwa besiboli una kasoro, nami naitaja mwenyewe kabla mtu mwingine hajaitaja kwa ubaya. Mchezaji mwenye zamu ya leo anakimbia kama mtu aliyeona basi linaondoka. Mchezaji aliyepokea wiki iliyopita anatembea. Joël, siku moja baada ya zamu yake, alisimama katikati ya besi ya kwanza na ya pili akamsalimia mtu na kumuuliza habari za watoto. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi nina mchezaji mmoja wa kulipwa na wanane wa kujitolea, na Tai wana tisa wa kulipwa. Halafu watu wanashangaa tunavyofungwa.

3. Firmin.

Hapa ndipo moyo unaponiuma. Firmin ndiye mrushaji wetu. Alipofika kutoka Likasi, mji wa machimbo kwetu Kongo, alilala chini ya meza yangu ya kukatia nguo, majira yote ya baridi, na asubuhi nilikuwa namtoa vipande vya uzi kwenye nywele. Nilimtafutia kazi ya kulinda geti kule Berea. Nilimtia glovu mkononi mimi mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umekomaa tayari kwa kurusha mawe machimboni, nilichomfundisha ni kulenga.

Zamu yake ya chungu niliipanga makusudi iangukie siku ya kucheza na Tai, ili awe na moyo. Alirusha mpaka Simiyu akavua miwani akaifuta. Jioni akabeba chungu, kilikuwa kizito, akaaga kwa heshima zote. Jumanne iliyofuata akaonekana kwenye mazoezi ya Tai amevaa jezi yao ya bluu.

Nilimpigia simu. Akaniambia, akiniita yaya, ambaye kwetu ni kaka mkubwa: "Yaya, usinikasirikie. Miye sikuuza roho, nilienda kutafuta tu. Ngoja, utaona." Ninachokiona mimi ni mtu aliyekula chungu cha watu wanane akahama. Nikamwendea Bwana Simiyu pia, kwa upole, naye akanijibu: "Boss, sisi hatujaiba mtu. Aliuliza kama kuna foili, tukamwambia iko." Wao wanaona hayo ni majibu. Tangu siku hiyo tunacheza wanane, na ule upande wa nyuma kushoto tumemwachia Mungu.

4. Mwenendo wa Firmin huko alikokwenda.

Hili ni dogo lakini linanichoma kuliko lile kubwa. Nimeambiwa kwamba Firmin hali chochote pale uwanjani. Wenzake wanakaa, wanakula, wanapiga soga, yeye anasimama pembeni na foili. Anaomba mbili. Wakati mwingine anaomba tatu. Siku moja alionekana akipewa mpaka sehemu ya Roy. Mzee Ameir, huyu ni kijana niliyemlea. Watu watasema Wakongomani wa Bellevue wana njaa. Tunayo, lakini si mpaka hapo.

5. Mama mkwe.

Naomba jambo hili libaki kati yangu na wewe. Zamu yangu ya chungu ni ya mwisho kabisa, kwa sababu nahodha anapaswa kujiweka nyuma, na ni Jumamosi hii. Jumamosi hii hii ndiyo tunacheza na Tai. Na Ijumaa, kwa basi kutoka Lubumbashi, anafika mama yake Mamie, Mama Agnès.

Mama huyu alinikabidhi binti yake akiwa ameangalia pembeni. Miaka yote hii hajaacha kuuliza ninafanya kazi gani hasa. Sasa mwezi wa sita, kwenye simu, nilimwambia kwamba hapa Johannesburg nipo katika timu ya kulipwa. Sikusema uongo, maana chungu ni malipo. Lakini yeye akaenda kulitangaza kanisani, na nasikia pasta alisimamisha ibada wakanipigia makofi. Nilipanga akifika nimwonyeshe: mama, mshahara huu hapa, shika mwenyewe uone uzito.

Tangu Firmin aondoke, wale waliokwishapokea zamu zao wameanza kulegea. Wanasema, kama Firmin alikula akahama, sisi tunachangia kwa sababu gani? Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Damien, na chungu chake kilikuwa na unga, kitunguu kimoja, na maelezo ya watu watano. Damien alikibeba kwa mkono mmoja huku akipiga simu kwa mkono wa pili. Mimi Jumamosi hii nitabeba nini mbele ya mama yule? Nina aibu ambayo haijaja bado na tayari inaninyima raha. Jana nilishona mguu wa suruali ya mteja kwenye mfuko wake.

Hayo ndiyo malalamiko. Sitaki kuwa mtu wa kulia tu, kwa hiyo nimefanya utafiti. Nimesoma kwenye simu habari za besiboli ya Marekani, ambako ndiko mchezo huu ulikotoka, na nimekuta kwamba wenzetu wana ugonjwa huu huu. Kuna timu zinalipa wachezaji fedha za kujenga mji, na kuna timu zinahesabu mpaka bisikuti, na wote wanaingizwa uwanja mmoja na kuambiwa wacheze kidugu. Lakini wao wameweka dawa. Naomba nasi tuzinywe dawa hizo, na nyingine nimeziongeza mimi kutokana na hali ya hewa ya hapa.

Kwanza, kodi. Huko Marekani timu ikilipa kupita kikomo inatozwa kodi. Napendekeza kikomo chetu kiwe vipande viwili vya nyama kwa mchezaji, soseji ihesabiwe kwa shubiri. Kinachozidi hapo, kwa kila kipande Tai watakachokula, kipande kingine kiwekwe kwenye chungu cha Nyota. Utaniuliza, je, Warundi wa Berea, ambao nao ni maskini? Wana haki zote, ila wao wanakuja na maharage yao na wanaonekana wameridhika, na si vizuri kuwasumbua watu walioridhika.

Pili, uchaguzi wa wachezaji wapya. Huko kwa wenzetu timu iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana. Mkia ni wetu, hakuna anayeugombea. Basi naomba kibali cha maandishi ili mtu wetu asimame Park Station na glovu, pale mabasi yanaposhusha watu, achague kijana mwenye mkono mzuri kabla Tai hawajamwonyesha foili. Kibali hicho kifike mpaka Shule ya Jumapili, kwa watoto wenye vidole virefu. Na kwa kuwa mikono mirefu ni mambo ya ukoo, naomba tushirikishwe pia kwenye posa: mchezaji wa Tai asioe kwenye familia ya warushaji mpaka sisi tuwe tumekataa kwanza.

Tatu, uzito. Hili wewe unalijua kuliko mimi, maana dukani kwako zinasikika mbio za farasi za ule uwanja ulio jirani na wetu. Farasi mwenye nguvu hawaachiwi akimbie hivi hivi. Anatiwa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko ili wanyonge nao wapate matumaini. Kama farasi anafanyiwa haki hiyo, kwa nini si fundi cherehani? Naomba kila mchezaji wa Tai akimbie besi zote akiwa amebeba mfuko wa unga wa mahindi, kilo tano. Na kwa kuwa si utu kumbebesha mtu mzigo kwenda na kurudi, mifuko hiyo ibaki kwetu mchezo ukiisha.

Nne, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, braai ya Tai ifanyike kabla ya mchezo badala ya baada. Wale mpaka walegeze mikanda kama kawaida yao, halafu ndipo mwamuzi apige filimbi. Wachezaji wa Nyota watakaa nao mezani kuhakikisha kila mmoja amekula kwa ukamilifu. Kazi hiyo tutaifanya bila malipo.

Mapendekezo haya yakikubaliwa, naamini kwamba hadi msimu ujao hakutakuwa na tajiri wala maskini katika ligi yetu, Firmin atarudi mwenyewe, na mimi nitaweza kumtazama mama mkwe. Yakikataliwa, nitalazimika kuiondoa Nyota kwenye ligi, na hapo Tai watamfunga nani?

Mke wangu Mamie ameisoma barua hii akiwa nyuma ya bega langu. Amesema nisiipeleke, nitajuta. Nilipomuuliza kwa nini, akacheka, akatoka kwenda kwa jirani yetu mwenye spaza, kile kiduka cha nyumbani, ambako siku hizi ana shughuli nyingi sana na lile friji lao la barafu. Wanawake hawaielewi besiboli.

Nisalimie Mama wa nyumbani na wote wa dukani, wasalimie na majirani wa uwanjani uwashukuru kwa subira yao, maana vioo vizima vya madirisha yao vimebaki vichache. Warundi ukiwaona wape salamu, usiwaambie habari ya maharage. Nangoja uamuzi wako kwa unyenyekevu na kwa haraka.

Wako katika haki na mchezo,

Pacifique
Nahodha, kocha, mdakaji, na sasa pia mtetezi wa timu ya Nyota

Nyongeza. Leo ni Jumapili, tarehe 15. Barua hii nilikuwa nayo mfukoni jana uwanjani, ulininyooshea mkono kunisalimia nikakupa mkono tu bila barua, na nitakueleza sababu.

Mama Agnès alikaa kwenye kiti ulichomletea, umemwona, na kitenge chake cha sherehe. Mbele ya macho yake nilishika gongo mara nne. Mara zote nne Firmin alinirushia mipira ambayo mimi niliisikia tu. Mtu kukosa mpira mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo sheria za Wamarekani hazikuliwekea kifungu. Tulifungwa vibaya, na nilipokuwa navua glovu nikawa natafuta njia ya kupita nyuma ya pipa.

Ndipo nikaona Mamie anakuja kutoka barabarani, na nyuma yake Firmin na jezi yake ya bluu na Joël, wameshika chungu huku na huku, wanatembea upandeupande kwa uzito. Wakakitua mbele ya mama. Mamie akafunua. Chini kulikuwa na sombe, na juu yake mbavu, kuku, soseji za kukatwakatwa, mpaka mfuniko ulikuwa haukai. Zile foili zote, Mzee. Jumamosi zote hizo alikuwa anampelekea Mamie, na Mamie anazilaza kwenye friji la spaza, na timu nzima ilijua isipokuwa nahodha. Firmin akaniambia pembeni: "Yaya, nilikula chungu chenu. Singeweza kukirudisha na kitunguu." Nilijifanya naangalia farasi wa uwanja wa jirani.

Mama Agnès alijaribu kukiinua chungu kwa mkono mmoja, kikakataa. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu harusi hakuangalia pembeni, akasema: "Mukwe, kweli banakulipa." Kisha akaonyesha kwa kidole. "Na ule mutoto mwenye kurusha, wa bluu, ni wa nani?"

Nikamwambia, "Ni wetu, mama. Ametoka kidogo kwenda kutafuta."

Kutafuta anakujua. Mama yule ana mtoto Ndola, ana mwingine Lusaka, ana Mamie hapa. Aliitikia kwa kichwa, akaomba sahani, na ya kwanza akampakulia Firmin.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote niliyoandika hapo juu yafutwe. Kodi isitozwe. Kikomo kiondolewe, na kama kuna namna ya kumshauri Bi. Serah aongeze mbavu, mshauri. Braai ibaki baada ya mchezo, maana nyama ya kabla ya mchezo inaliwa ikaisha. Ule unga wa kukimbia nao, ukiona unafaa, unaweza kuubakisha.

Na ukizungumza na Bwana Simiyu, mwambie Joël naye anarusha vizuri, na Damien ana mbio siku akitaka. Tunaweza kuwaachia wote wawili kuanzia Jumamosi ijayo. Ila wasichukue zaidi ya hao. Lazima na nyumbani wabaki watu wa kuletewa.